Picha ya Mishipa ya Damu ya Jicho la Mtoto: Mambo ya Kujua Kabla ya Kusafiri

Mwongozo kwa wazazi na walezi wa Wilaya za Nachingwea na Ruangwa

Miongoni mwa vipimo ambavyo daktari wa macho anaweza kumweleza mzazi siku hizi ni picha ya mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho, inayopigwa bila kuchoma sindano, bila kuingiza rangi mwilini na bila kugusa jicho. Kwa mtoto, hilo ni faraja kubwa. Kwa familia iliyoko Nachingwea au Ruangwa, hata hivyo, picha hiyo huambatana na gharama nyingine: nauli ya mtoto na mlezi wake, malazi ya mjini, na siku ambazo shamba la korosho au ufuta litabaki bila mtu.

Makala haya yanaeleza namna kipimo hicho kinavyofanya kazi, mambo kinayoweza na yasiyoweza kuonyesha, na maswali ambayo mzazi ana haki ya kuyauliza kabla ya kulipa. Hoja yake kuu ni moja: picha ni msaada kwa uchunguzi wa daktari, wala si mbadala wake, na yapo magonjwa ambayo mtoto hapaswi kusubirishwa kwa sababu ya picha wala kwa sababu ya fedha za picha.

Retina na mishipa yake

Retina ni utando mwembamba uliotanda ukuta wa ndani wa nyuma ya jicho. Mwanga unaoingia kupitia mboni hutua juu yake, na retina huugeuza kuwa ujumbe unaopelekwa kwenye ubongo. Kazi hiyo huhitaji damu nyingi, inayoletwa na mtandao wa mishipa midogo mno. Mishipa hiyo ikiziba, ikivuja au ikiota mahali isipopaswa kuwapo, uwezo wa kuona hupungua, na pengine hupotea kabisa.

Retina ni mahali pa pekee mwilini ambapo mtaalamu anaweza kuitazama mishipa ya damu moja kwa moja bila kupasua ngozi. Chombo cha kwanza cha kutazamia kilibuniwa na mwanasayansi wa Kijerumani, Hermann von Helmholtz, mwaka 1851. Hadi leo, daktari mwenye taa yake, lenzi yake na matone ya kupanua mboni anaweza kutambua sehemu kubwa ya magonjwa ya retina ya watoto.

Picha ya rangi na picha isiyo na sindano

Tangu mwaka 1961, madaktari wamekuwa wakipiga picha ya mishipa ya retina kwa kuchoma mkononi rangi iitwayo fluoresini. Rangi hiyo husafiri na damu hadi jichoni, na kamera hunasa mng'ao wake inapopita. Kipimo hiki bado kina thamani kubwa, kwa kuwa huonyesha mishipa inayovuja. Madhara yake ya kawaida ni kichefuchefu, kutapika, na ngozi pamoja na mkojo kuwa vya njano kwa muda wa siku moja hivi. Mara chache sana hutokea mzio mkali. Ndiyo maana hufanyika mahali penye wahudumu na dawa za dharura. Mtoto mdogo anaweza kuhitaji kulazwa kwa dawa ya usingizi.

Kipimo kisichotumia sindano hutegemea mwanga peke yake. Chanzo chake ni mashine ya kupima tabaka za retina, ijulikanayo kwa kifupi kama OCT, iliyotangazwa na watafiti wa Marekani mwaka 1991. Mashine mpya za aina hiyo, zilizoanza kuidhinishwa kwa tiba katikati ya miaka ya 2010, huweza pia kuchora ramani ya mishipa ya damu.

Namna zinavyofanya hivyo si vigumu kuelewa. Mtu anayetazama msafara wa siafu kwa mbali huona mstari mweusi tu juu ya udongo. Akipiga picha mbili za mahali hapohapo, moja baada ya nyingine, kisha akazilinganisha, ataona kuwa udongo na mawe havikubadilika, bali siafu wamesogea. Mashine nayo huumulika mwanga usioonekana kwa macho mahali pamoja pa retina mara kadhaa kwa kasi kubwa. Nyama ya jicho imetulia. Chembe za damu zinasogea. Mahali penye mabadiliko ndipo palipo na mshipa unaopitisha damu. Kompyuta hukusanya mabadiliko hayo na kuyafanya ramani.

Mwanga huo si eksirei, wala haumwachii mtoto mionzi mwilini. Mtoto huketi, huegemeza kidevu na paji la uso mahali palipoandaliwa, kisha hutazama alama moja kwa sekunde chache kwa kila jicho. Pengine hutiwa kwanza matone ya kupanua mboni. Matone hayo huwasha kidogo, hufanya maandishi ya karibu yaonekane kwa ukungu, na humfanya mtoto achukizwe na jua kwa saa kadhaa. Aina nyingine, kama atropini, huweza kuendelea kufanya kazi kwa siku kadhaa. Mzazi aje na kofia ya mtoto, na asishangae mtoto akilia. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe: matone yaliyokataliwa ni uchunguzi uliobaki nusu.

Mambo ambayo picha haionyeshi

Pamoja na manufaa yake, kipimo hiki kina mipaka minne ambayo mtumiaji wa huduma anapaswa kuifahamu.

Kwanza, mtoto lazima atulie. Jicho likicheza, ramani hutokea na mistari iliyokatika au vivuli vya uongo. Watoto walio chini ya miaka minne au mitano mara nyingi hawawezi kutimiza sharti hilo, na mashine za kushikwa mkononi zilizobuniwa kwa ajili ya watoto wachanga bado ni nadra.

Pili, picha nyingi huonyesha eneo la katikati ya retina tu. Magonjwa kadhaa ya watoto huanzia pembezoni. Kwa hiyo, picha nzuri ya katikati haitoshi kumhakikishia mzazi kuwa retina nzima ni salama.

Tatu, kipimo hiki huonyesha mahali damu inapopita, lakini hakionyeshi uvujaji wa mshipa kama rangi ya fluoresini inavyofanya. Daktari anaweza kulazimika kutumia vipimo vyote viwili, na hilo si dalili ya kumtoza mteja mara mbili bila sababu.

Nne, picha haijisomi. Inahitaji mtaalamu aliyezoea macho ya watoto. Na baada ya kusomwa inahitaji mahali pa kutoa matibabu. Picha isiyo na msomaji wala tiba ni karatasi tu.

Watoto ambao retina zao zinapaswa kuangaliwa

Watoto njiti. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huzaliwa mishipa ya retina yake ikiwa haijamaliza kukua. Oksijeni, ambayo mara nyingi ndiyo inayookoa maisha yake, ikizidi kiasi huweza kuivuruga mishipa hiyo, ikaota vibaya na hatimaye kuivuta retina hadi ikabanduka. Wataalamu wa India, nchi yenye uzoefu mkubwa wa tatizo hili, hushauri watoto waliozaliwa kabla ya wiki ya 34 au wakiwa na uzito chini ya kilo 2 wachunguzwe macho kabla ya kutimiza siku 30. Ugonjwa ukifikia kiwango kikali, tiba hutakiwa kutolewa ndani ya saa 48 hadi 72. Hakuna dalili ambayo mama anaweza kuiona kwa nje katika siku hizo. Mtoto njiti aliyezaliwa mwezi Julai atakuwa amepitwa na muda wa uchunguzi kabla ya mnada wa kwanza wa korosho mwezi Oktoba. Mzazi asiondoke wodini bila kuuliza: mtoto huyu aangaliwe macho lini, na wapi?

Watoto wenye selimundu. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini Tanzania kila mwaka. Chembe zao za damu, zikijipinda, huweza kuziba mishipa midogo ya retina, hasa ile ya pembezoni. Miongozo iliyotolewa nchini Marekani mwaka 2014 inashauri watoto hawa waanze kuchunguzwa macho kwa matone ya kupanua mboni wanapofikisha umri wa miaka 10, hata kama wanaona vizuri. Hapa ndipo picha isiyo na sindano inapofaa sana kwa kufuatilia eneo la katikati mwaka hadi mwaka, na hapa pia ndipo mipaka yake inapodhihirika: daktari lazima aangalie na pembezoni.

Watoto wenye mng'ao mweupe ndani ya mboni. Mboni ya jicho ikionekana nyeupe, kama jicho la paka usiku, au jicho moja likitokea jeupe mara kwa mara kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa ghafla, mtoto apelekwe hospitali bila kuchelewa. Huenda ni mtoto wa jicho, ambao hutibika kwa upasuaji. Lakini huenda ikawa saratani ya retina, ambayo kwa kawaida huwapata watoto walio chini ya miaka mitano. Katika nchi zenye huduma kamili, ambako ugonjwa huu hutambuliwa mapema, zaidi ya watoto 95 kati ya 100 huokolewa. Ukicheleweshwa hadi jicho likavimba na kutoka nje, maisha ya mtoto yenyewe huwa hatarini. Jicho lililoanza kwenda kengeza ghafla nalo lisipuuzwe. Watoto hawa hawahitaji kutafutiwa kwanza picha ya mishipa; wanahitaji daktari bingwa wa macho awaangalie, mara nyingi wakiwa wamelazwa kwa dawa ya usingizi.

Watoto wenye kisukari nao huhitaji kuangaliwa retina kila mara kama daktari wao atakavyoelekeza, hususan miaka michache baada ya ugonjwa kuanza.

Mafunzo kutoka Blantyre na Nakuru

Jirani zetu wa Malawi wametoa mfano unaostahili kukumbukwa. Katika hospitali kuu ya Blantyre, madaktari waliokuwa wakiwatibu watoto waliopoteza fahamu kwa malaria walianza, tangu mapema miaka ya 1990, kuangalia retina za watoto hao kwa taa na lenzi. Waliona mabaka meupe, vijitone vya damu, na mishipa iliyogeuka rangi kuwa nyeupe au ya chungwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulichunguza miili ya watoto 31 waliodhaniwa kufa kwa malaria ya ubongo; 7 kati yao walikutwa wamekufa kwa sababu nyingine. Dalili iliyotenganisha vizuri zaidi makundi hayo mawili walipokuwa hai ilikuwa hali ya retina. Ugunduzi huo mkubwa juu ya mishipa ya macho ya watoto wa Afrika haukuhitaji sindano wala mashine ya gharama. Ulihitaji matone, taa na jicho lililofunzwa.

Mfano wa pili unatoka Nakuru, Kenya. Huko watafiti walijaribu kifaa kidogo kinachopachikwa kwenye simu ili kupiga picha ya nyuma ya jicho, na mwaka 2016 walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa mtu asiye tabibu, akifunzwa, anaweza kupiga picha zinazokaribiana kwa ubora na zile za kamera kubwa ya mezani. Ni habari njema kwa wilaya zilizo mbali na hospitali kubwa. Hata hivyo, waliopimwa walikuwa watu wazima, na kilichotazamwa ni mahali mshipa wa fahamu unapoingilia jichoni. Mtu akimwambia mzazi kuwa simu yake inatosha kuthibitisha kuwa retina ya mtoto mchanga ni salama, anadai jambo ambalo utafiti huo haukulisema.

Kutoka Nachingwea na Ruangwa hadi kwa bingwa

Mashine ya kuchora ramani ya mishipa ni ghali, na mzazi asitarajie kuikuta katika hospitali ya wilaya. Safari ianze kwa kufuata ngazi za rufaa: zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine iliyoko Lindi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mtwara. Kwa jijini Dar es Salaam, huduma za macho kwa watoto hutolewa Muhimbili na CCBRT. Kwa ukanda wa kaskazini, ipo KCMC, Moshi.

Barua ya rufaa si urasimu mtupu. Humwezesha daktari anayempokea mtoto kujua kilichokwisha kufanyika, na humwepusha mzazi kulipia tena kipimo kilekile. Kabla ya kupanda gari, iwe kwa njia ya Masasi au ya Nanganga, mwombe tabibu anayetoa rufaa apige simu katika hospitali inayohusika na kuuliza mambo matatu: kama daktari bingwa yupo siku hiyo, kama mashine inafanya kazi, na kama mtoto wa umri huo anaweza kupimwa. Simu moja huweza kuokoa nauli ya watu wawili.

Sera ya nchi inaelekeza watoto wa chini ya miaka mitano wahudumiwe bila malipo katika vituo vya umma. Mzazi asiye na uwezo, au anayeelezwa kuwa kipimo fulani hakimo katika msamaha wala katika bima yake, amwone Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa na kurudi nyumbani.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipia picha

1. Mtoto wangu anashukiwa kuwa na ugonjwa gani, na picha hii itabadilisha nini katika matibabu yake?

2. Je, ameshaangaliwa retina yote, pamoja na pembezoni, kwa matone ya kupanua mboni?

3. Je, anaweza kutulia vya kutosha? Ikishindikana, nitarudishiwa fedha au nitapangiwa siku nyingine bila malipo mapya?

4. Nani atakayeisoma picha, na majibu yatatoka lini?

5. Ugonjwa ukionekana, tiba itatolewa hapa au nitapewa rufaa nyingine?

6. Je, kifaa hiki kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na anayekitumia ana leseni ya taaluma yake?

Mtoa huduma mwaminifu hatachukizwa na maswali haya. Anayekwepa kuyajibu, anayepiga picha sokoni au nyumba kwa nyumba bila kutaja kituo chake, au anayedai kuwa picha ya jicho huonyesha magonjwa yote ya mwili kisha anauza dawa papo hapo, aepukwe na ataarifiwe.

Picha ni mali ya nani?

Mzazi ana haki ya kupewa maelezo ya majibu kwa lugha anayoielewa, na ni vyema aombe nakala ya picha na ya ripoti. Aihifadhi pamoja na kadi ya kliniki, kwa sababu thamani ya picha huongezeka inapolinganishwa na ile ya mwaka uliofuata.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Picha ya retina ya mtoto, ikiwa na jina lake, haipaswi kusambazwa katika makundi ya simu, kutumiwa katika matangazo, wala kupewa kampuni ya kutengeneza programu za kompyuta bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Mzazi akiombwa ridhaa kwa ajili ya utafiti, aelezwe waziwazi kuwa ni utafiti. Na kukataa kwake kusiwe sababu ya mtoto kunyimwa tiba.

Malalamiko kuhusu kifaa yapelekwe Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kuhusu mwenendo wa daktari, Baraza la Madaktari Tanganyika. Na kuhusu matumizi mabaya ya picha, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa hatua ya kwanza, ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, Nachingwea au Ruangwa, inatosha. Mlalamikaji aende na stakabadhi ya malipo, tarehe ya kipimo na jina la kituo.

Kwa ufupi, mtoto mwenye mboni nyeupe apelekwe hospitali mara moja. Mtoto njiti aangaliwe kabla ya kutimiza mwezi. Mtoto mwenye selimundu aanze kufuatiliwa akifikisha miaka 10. Picha isiyo na sindano, pale inapopatikana na inapohitajika, itamsaidia daktari kuona zaidi. Pale isipopatikana, mzazi adai kwanza uchunguzi wa matone na taa, kwa kuwa huo ndio msingi wa yote.